Meli imefika jana, lakini Kiingereza hakikubali

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa mizigo hapa Tanga, huu mwezi wangu wa tano kazini. Barua pepe zangu kwa wateja wa nje bosi huzipitia kabla hazijatoka, na kila mara anabadilisha vitenzi bila kunieleza sababu. Juzi niliandika hivi: 'The vessel has arrived yesterday at 3 o'clock. We are waiting for the documents since Monday. When the documents will arrive, we will inform you. The container is not yet opened.' Akaipangua yote. Rafiki yangu ananiambia maneno kama 'yesterday' na 'since' ni ya kuongezea tu, kinachotazamwa ni kitenzi. Ni kweli? Na mbona kwa Kiswahili nasema meli imefika jana na hakuna anayenisahihisha?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila kosa lililomo nimemwona mzazi wake katika Kiswahili. Hilo ni jema, maana kosa ambalo mzazi wake anajulikana ni rahisi kulikamata likirudi.

Rafiki yako amekupoteza. Kwa Kiingereza neno la wakati na kitenzi hufungwa pamoja kama tanga na foromali, ule mti unaolibeba. Huwezi kupandisha kimoja ukaacha kingine chini. Tena ningekushauri usome neno la wakati kwanza, ndipo uchague kitenzi. Sisi tumezoea kinyume chake: kitenzi kinatoka, halafu "jana" inafuata ikikumbukwa.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye kiini. "Meli imefika jana" haimkeri mtu hapa mjini kwa sababu -me- yetu haitazami saa, inatazama hali iliyobaki. Ukiniambia meli imefika, nimeelewa kwamba meli ipo. Nikishuka Raskazone sasa hivi nikitupa jicho baharini nitaiona. Ukiongeza "jana" umenieleza tu imekuwapo kuanzia lini. Wenye Kiswahili sanifu watakuambia uandike "ilifika jana", nami darasani nilifundisha hivyohivyo, lakini mdomoni tunasema imefika jana na tunaelewana bila tatizo.

Kiingereza nacho kina umbo linalofanana sana na -me-, lile la "have" na "has", ambalo shuleni mlilisoma kwa jina la "present perfect". Linafanana, ila lina sharti ambalo -me- haina: muda utakaoutaja nalo lazima uwe bado wazi, uwe unafika mpaka dakika hii tunayozungumza. Jana imeshafungwa. Vivyo hivyo "last week", "two days ago", "on Monday" ukimaanisha Jumatatu iliyopita, na kila mwaka uliopita. Waingereza waliushambulia mji wetu Novemba 1914. Huwezi kusema "have attacked Tanga in 1914" hata kama makaburi ya vita ile bado yapo. Ni "attacked", basi. Muda uliofungwa unataka umbo la -li-: "The vessel arrived yesterday."

Sasa tazama mlango ukiwa wazi. Ijumaa unaandika, "Three vessels have arrived this week." Wiki haijaisha, inaweza kuja ya nne. Jumatatu inayofuata meli ni zilezile tatu, pengine hata hazijatoka gatini, lakini kitenzi kimebadilika: "Three vessels arrived last week." Bandarini hakuna kilichobadilika. Wiki tu ndiyo iliyofungwa. "This morning" ina mambo hayohayo ndani ya siku moja. Saa nne asubuhi unaweza kuandika, "I have spoken to the captain this morning." Saa tisa alasiri, asubuhi ile ikiwa imekwisha, andika "I spoke to the captain this morning." Na ukiandika "spoke" hata ile saa nne, hakuna atakayekulaumu.

Wapo pia watu ambao mlango wao umefungwa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alizaliwa 1909 akafariki 1962, na kabla hajawa jina la kufundishwa shuleni alifanya kazi ya forodha miaka mingi, kazi iliyo jirani kabisa na yako. Kwa Kiswahili tunasema "Shaaban Robert ameandika vitabu vingi" na sentensi inakaa vizuri, kwa kuwa vitabu vipo. Kwa Kiingereza "Shaaban Robert has written many books" inamfanya msomaji adhani mzee yu hai na kesho huenda akatoa kingine. Lazima useme "wrote". Hakuna neno la wakati katika sentensi ile, lakini mauti yenyewe ni neno la wakati. Nimefundisha miaka mingi na sijaona mfano unaowaingia wanafunzi wa hapa upesi kama huu.

Kutokana na hayo utaelewa kwa nini "Umefika lini?" haiwi "When have you arrived?" Neno "when" linaulizia saa au siku mahususi, nayo imeshapita, kwa hiyo "When did you arrive?" Utasikia pia mazungumzo ya Kiingereza yakianza kwa umbo moja yakamalizikia kwa jingine. Mtu anauliza, "Have you ever been to Pangani?", yaani umewahi kufika, katika maisha yako yote ambayo bado yanaendelea. Unajibu, "Yes, I have. I went there in March." Mara tu "March" ilipotajwa, "have" ikatoka. Jizoeze kubadilisha hapohapo.

Jambo jingine la -me-, maana najua simu za ofisini kwenu zinaita. Vitenzi vyetu vingi katika -me- vinaeleza hali ya sasa: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka. Mteja akipiga simu akamtaka bosi, ulimi unavuta "He has travelled", kwa sababu Kiswahili ni "amesafiri". Atakuelewa, ila kwa masikio yake umemwambia habari ya safari, wala hujamwambia bosi yuko wapi sasa. Sema "He is away until Thursday." Mtoto amelala ni "is asleep". Meli imetia nanga nje ni "is at anchor". Popote "sasa hivi" inapoweza kukaa mbele ya -me- bila kukwaruza, kama "sasa hivi amelala", jua Kiingereza kinataka "is".

Wateja wako wa Marekani watakuchanganya kidogo. Wao na "already", "just" na "yet" huvitumia mara nyingi na umbo la -li-: "Did you get the documents yet?" Mwingereza angesema "Have you got the documents yet?" Usiwasahihishe, na wewe shika lile la Waingereza ulilosomea, Wamarekani hawalikatai.

Sasa sentensi yako ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowatambulisha waandishi wa Kiswahili kuliko zote: "We are waiting for the documents since Monday." Mzazi wake ni "tunasubiri hati tangu Jumatatu", Kiswahili safi kabisa. Sisi tunaweka kitenzi katika wakati uliopo kwa kuwa kusubiri kupo sasa. Kiingereza kinadai kitenzi kibebe ncha zote mbili, Jumatatu na leo, kwa hiyo "We have been waiting since Monday." Ukiona "since", mkono wako uende wenyewe kwenye "have" au "has". "Nafanya kazi hapa tangu Januari" ni "I have worked here since January", au "have been working".

Vitenzi vya kujua, kupenda, kuwa na kitu, haviingii katika "been -ing". Ni "I have known him since 2015". Na ukitaka kumweleza mgeni kwamba reli tunayo tangu miaka ya 1890, mwambie "Tanga has had a railway since the 1890s".

"Since" inataka mahali muda ulipoanzia: Jumatatu, 2015, saa nne, kuzaliwa kwa mtoto. Urefu wa muda unataka "for". "Since three days" ni kosa linalotokana na "tangu siku tatu". Sema "for three days". Na "siku tatu zilizopita", ukimaanisha jambo lilitokea likaisha, ni "three days ago", ikiwa na kitenzi cha -li- na "ago" ikikaa nyuma ya hesabu. Nimeshaona "before three days" kwenye barua za watu wazima wenye shahada. Imetokana na "kabla". Hesabu ya kurudi nyuma kuanzia leo ni "ago" tu.

Sentensi ya tatu, "When the documents will arrive, we will inform you." Kosa hili nalihurumia, kwa sababu Kiswahili kimekusukuma kwa nguvu. Hati zitakapofika, tutakuarifu: -taka- imo ndani ya "zitakapofika", inasikika, na wewe umeitafsiri kwa uaminifu. Lakini Kiingereza baada ya "when", "before", "after", "until" na "as soon as" hakirudii "will". Wakati ujao ukishatajwa katika nusu moja ya sentensi, unatosha: "When the documents arrive, we will inform you." Chukua mfano wa "hati zikifika", ambayo haina -ta-, nawe utakuwa karibu zaidi na Kiingereza. "Baada ya siku mbili" ukihesabu kuanzia leo ni "in two days": "I will send it in two days."

Wakati ujao wenyewe hautakusumbua sana. Usemi wetu wa waja leo, waondoka leo umeshakufundisha kwamba kitenzi cha sasa kinaweza kubeba safari ya baadaye, alimradi neno la wakati lipo. Kiingereza nacho hufanya hivyo. Mtu aliyekwisha kupanga husema "I am leaving tomorrow", sawa na naondoka kesho. Chombo chenye ratiba hupewa umbo fupi: "The vessel sails tomorrow at 6 a.m." Lakini ondoa neno la wakati uone: "I am leaving" peke yake maana yake nyanyuka unipishe, naondoka sasa hivi. "Will" iwekee ahadi na maamuzi unayoyafanya hapohapo simu ikiwa mkononi.

Kuhusu "bado", Kiswahili kimeipa kazi mbili kwa neno moja, na Kiingereza kimezigawa. Kinachoendelea kinapewa "still": bado ipo gatini, "It is still at the berth." Kinachosubiriwa kinapewa "yet", mara nyingi mwisho wa sentensi: bado haijaondoka, "It has not left yet." Mtu akikuuliza nawe ukajibu "bado" kavu, ni "Not yet." Ile -sha- ya imeshaondoka ni "already", nayo hukaa katikati: "It has already left." Na usipitishe neno la wakati kati ya kitenzi na kitu chake. "We received yesterday the documents" inawachoma masikio. "Yesterday" ikae mwanzo au mwisho.

Nimefika kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Umeandika "3 o'clock". Je, ilikuwa saa tatu ipi? Ikiwa meli iliingia saa tatu asubuhi, kwa mteja wa nje hiyo ni saa 9 a.m., na wewe umempa saa ya mbali kwa saa sita. Kitenzi kibaya kinaaibisha kidogo kisha kinasahauliwa. Saa mbaya katika kazi yenu inagharimu, maana gharama za kuchelewesha meli huhesabiwa kwa siku na kwa saa, na barua yako inaweza kufunguliwa mezani watu wakibishana nani alijua nini, lini. Jiwekee kanuni ya kutoandika saa bila "a.m." au "p.m.", au tumia hesabu ya saa 24 kama mabaharia, 0900. Saa yetu na yao zinapishana saa sita daima: saa moja asubuhi ni 7 a.m., saa sita mchana ni 12, saa mbili usiku ni 8 p.m.

Usiku ndio mgumu zaidi. Kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani siku huanza jua linapotua. Nilipokuwa mgeni kazini nilimwalika mwalimu mwenzangu Mwingereza kwenye maulidi nyumbani kwetu Ngamiani. Nikamwandikia kijikaratasi, "Please come on Friday night." Kichwani mwangu usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaoingia Alhamisi baada ya magharibi. Alhamisi tukasoma, tukasimama, marashi yakanyunyizwa, na nafasi yake kwenye mkeka iko tupu. Ijumaa saa mbili usiku akabisha hodi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono, na kikapu kidogo cha halua ameshika kwa mikono miwili. Mikeka ilikuwa imeshakunjwa, masinia yameshaoshwa. Tulimkaribisha, tukala naye halua, naye hakulalamika hata kidogo. Mimi lile karatasi nimelikumbuka kila nilipofundisha maneno ya siku.

Kwa hiyo "usiku wa kuamkia Jumamosi" kwa Kiingereza ni "Friday night", na kwa barua ya kazi hata hiyo haitoshi: andika tarehe na saa. "Jana usiku" ni "last night", kamwe si "yesterday night". "Leo usiku" ni "tonight". Juzi ni "the day before yesterday" na kesho kutwa ni "the day after tomorrow", marefu kama unavyoyaona. Mtondo na mtondogoo Kiingereza hakina, nami naona fahari kwamba sisi tunayo. Huko utahesabu, "in three days", "in four days".

Barua yako basi, kama meli iliingia saa tatu asubuhi, ingesomeka hivi: "The vessel arrived yesterday at 9 a.m. We have been waiting for the documents since Monday. We will inform you when they arrive. The container has not been opened yet." Kwenye ile sentensi ya mwisho bosi wako alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika, maana "is not yet opened" kosa lake ni dogo. Mimi pia ningeibadilisha, lakini kwa sababu tofauti: mteja anasubiri tendo la kufunguliwa, na "has not been opened yet" inamwambia kwamba tendo hilo bado linatarajiwa kutoka kwenu.

Ukikaa kwenye zamu tulivu, chukua barua tano ulizotuma mwezi huu. Usiguse vitenzi. Pigia mstari maneno ya wakati peke yake, na pembeni ya kila moja andika "wazi" au "umefungwa". Halafu rudi kwenye vitenzi. Ukikuta mahali ambapo mlango umekushinda kuujua, niletee sentensi hiyo nzima, pamoja na siku na saa uliyoiandika.